Neno la Kiswahili Linataka Silabi Mbili

Tunasema “anasoma”, “analima” na “anacheka”, lakini tukikifikia kitenzi chenye mzizi mfupi wa -la hatusemi “anala”, tunasema “anakula”. Tunapoamrisha tunasema “soma” na “lima”, lakini mtoto tukitaka aanze kula tunamwambia “kula”, hatumwambii “la”. Vitabu vingi vya sarufi hulieleza jambo hili kwa sentensi moja, kwamba vitenzi vya silabi moja hubakiza kiambishi ku-, kisha husonga mbele kana kwamba hiyo ni tabia ya vitenzi vichache vilivyokataa kufuata kanuni. Nimefundisha Kiswahili kwa muda wa kutosha kuamini kwamba sentensi hiyo inafunika jambo zuri kupita yote katika fonolojia, yaani mfumo wa sauti, ya lugha yetu. Ile ku- imebaki kwa sababu neno kamili la Kiswahili linataka silabi zisizopungua mbili, na sharti hilo haliwahusu akina -la, -fa na -nywa peke yao; limo katika nomino, limo katika vivumishi, na limo hata katika herufi moja ya “m” ambayo wanafunzi wengi hawaamini kwamba inaweza kuwa silabi.

Silabi ni pigo moja la sauti katika usemaji. Kila silabi ina kilele, yaani sauti inayosikika kwa uwazi kuliko jirani zake, na mara nyingi kilele hicho ni irabu. Kabla ya kilele panaweza kuwa na konsonanti, na baada yake panaweza kuwa na konsonanti nyingine inayokuja kuifunga silabi. Ikiishia kwenye kilele tunaiita silabi huru, ikifungwa tunaiita silabi funge. Lugha zinatofautiana sana katika kiasi cha konsonanti zinazoruhusu kila upande. Kihawaii hakiruhusu zaidi ya konsonanti moja kabla ya irabu na hakiruhusu yoyote baada yake, ilhali Kiingereza kinalichukua neno “strengths” lote kwa pigo moja, irabu yake ikiwa imebanwa na kundi la konsonanti mbele na nyuma. Hata hivyo, kama alivyoeleza mwanaisimu Roman Jakobson, silabi ya konsonanti moja na irabu moja haikosekani katika lugha yoyote. Ajabu ni kwamba kipashio hiki cha msingi kiliwahi kuachwa nje: nadharia ya fonolojia waliyoitoa Noam Chomsky na Morris Halle mwaka 1968 haikuipa silabi nafasi ya kipashio kinachojitegemea, na ilichukua miaka kadhaa kabla ya wanaisimu waliofuata kuirudisha. Ninadhani kama nadharia ile ingeanzia kwa mtunzi wa mashairi wa Lamu au Pemba, silabi isingesahauliwa hata siku moja.

Kwa Kiswahili, silabi za kawaida ni chache na zinasomeka wazi. Ipo silabi ya irabu peke yake, kama zile mbili za “oa”. Ipo ya konsonanti na irabu, ambayo ndiyo iliyoenea kupita zote. Ipo yenye kiyeyusho, yaani “w” au “y”, katikati, kama “mwa” ya “mwana” na “vyo” ya “hivyo”. Ipo pia yenye nazali, yaani sauti ya puani kama “m” au “n”, iliyoshikana na konsonanti inayofuata, kama “mba” ya “nyumba” na “ndo” ya “kondoo”, na hizi mbili za mwisho zinaweza kuungana zikatoa silabi nzito kama “ndwa” ya “kushindwa” au “nzwa” ya “kufunzwa”. Mtu asiyeijua lugha akitazama maandishi ya “ndwa” anaona konsonanti tatu, lakini mdomo wa Mswahili hupiga mara moja tu.

Hapa sina budi kusimama kidogo kwenye “nyumba”, kwa sababu kila ninapoona gazeti au kitabu kimelikata neno hili mwishoni mwa mstari likawa “nyum-ba”, moyo wangu unauma. Mkato huo unafuata mazoea ya lugha nyingine. Sauti “mb”, “nd”, “nj”, “ng”, “mv” na “nz” huanza maneno yetu bila shida yoyote: mbuzi, ndizi, njaa, ngoma, mvua, nzige. Kinachoweza kuanza neno kinaweza kuanza silabi, na kwa kuwa lugha yetu inapenda silabi huru, hakuna sababu ya kuipokonya silabi ya pili nazali yake na kuifungia ya kwanza. Watoto wanaocheza kinyume, ule mchezo wa kuipeleka silabi ya mwisho mwanzoni mwa neno, wanalijua hili bila kufundishwa na mtu, kwani “mbuzi” kwa kinyume ni “zimbu” na “nyumba” ni “mbanyu”. Hata mwalimu wa darasa la kwanza anayeimbisha “mba mbe mbi mbo mbu” baada ya “ba be bi bo bu” anafuata mpaka huo huo.

Tukishakubali kwamba “mb” inaweza kuwa mwanzo wa silabi moja, ndipo inapojitokeza “m” ya aina nyingine, ambayo kwenye karatasi haina tofauti na ya kwanza. Chukua neno “mbuni”. Akitajwa ndege mkubwa asiyeruka, neno lina silabi mbili, mbu-ni. Ukitajwa mti wa kahawa, au mtu aliyebuni kitu, neno lina silabi tatu, m-bu-ni. Tofauti hiyo hiyo imo kati ya “ndizi mbaya” na “mtu mbaya”: katika ndizi tunasikia mba-ya, na katika mtu, kwa msemaji anayetamka taratibu, tunasikia m-ba-ya. Maandishi yetu yamezificha tofauti hizi, lakini sikio halikuzipoteza.

Asili ya “m” inayosimama peke yake inajulikana. Ni kiambishi mu- cha Kibantu, ambacho bado kimo hai katika lugha jirani na katika Kiswahili cha Congo, ambako mtu husema “mutu” na “mutoto”. Katika Kiswahili cha pwani, na hatimaye katika Kiswahili sanifu, irabu “u” ilidondoka mbele ya konsonanti. Mbele ya irabu haikudondoka, iligeuka kiyeyusho, ndiyo maana tuna “mwana” na “mwizi”. Na mbele ya “u” nyingine mara nyingi imebaki kama ilivyokuwa, ndiyo maana tuna “muumba” na “muungwana”. Jambo la kuzingatia ni kwamba “u” ilipoondoka katika “mutu”, silabi yake haikuondoka nayo. Nazali iliyobaki iliirithi nafasi ya irabu, ikawa yenyewe kilele. Neno lilikuwa na mapigo mawili na likabaki na mapigo mawili. Wanafunzi wanaofundishwa kwamba “silabi ni lazima iwe na irabu” hulikata neno “mtoto” likawa mto-to, na siwalaumu, kwa sababu kanuni waliyopewa haiwaachi na njia nyingine. Kanuni yenyewe ndiyo pungufu. Mwaka 1985 François Dell na Mohamed Elmedlaoui walichapisha uchambuzi wa Kiberiberi cha kusini mwa Morocco wakaonyesha kwamba huko karibu sauti yoyote inaweza kuwa kilele cha silabi, na maneno mazima yanaweza kutamkwa bila irabu hata moja. Kiswahili hakijafika mbali kiasi hicho. Kwetu heshima hiyo wamepewa nazali tu.

Ushahidi wa kwanza kwamba “m” ni silabi kamili ni mkazo. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache kama “barabara” lenye maana ya sawasawa, ambalo mkazo wake umerudi nyuma hatua moja ili lisichanganywe na barabara ya magari. Katika “mtu” mkazo uko juu ya “m”. Ukiongeza -ni kwenye “mto” ukapata “mtoni”, mkazo unahama kutoka kwenye “m” na kwenda kwenye “to”, kama vile unavyohama kutoka “ta” kwenda “bu” tunapotoka “kitabu” na kufika “kitabuni”. Sauti isiyo silabi haiwezi kubebeshwa mkazo.

Ushahidi wa pili umehifadhiwa na washairi, na kwangu huu ndio wenye uzito zaidi, kwa sababu ni wa watu waliokuwa wakizihesabu silabi kabla hajatokea mtu wa kuwaandikia nadharia. Kipande cha utenzi huwa na mizani minane, yaani silabi nane, na mshororo wa shairi la kawaida huwa na kumi na sita, minane ya ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na minane ya utao, yaani nusu ya pili. Watunzi wa tenzi za Pate na Lamu za karne ya 18 walijifunza mengi kutoka katika ushairi wa Kiarabu, lakini hawakuchukua hesabu yake ya silabi ndefu na fupi. Walizihesabu silabi za lugha yao moja baada ya moja. Methali zetu nyingi zimekaa ndani ya hesabu hiyo bila kulazimishwa. “Mpanda ngazi hushuka” ni kipande kamili cha utenzi: m-pa-nda-nga-zi-hu-shu-ka. Ukiinyima “m” ya mwanzo haki yake, mizani inabaki saba na kipande kinachechemea. Nusu ya pili ya “akili ni nywele, kila mtu ana zake” nayo ni minane, ki-la-m-tu-a-na-za-ke, na hapo tena “m” imehesabiwa. Sasa linganisha na “hufunzwa na ulimwengu”, ambamo kuna “m” iliyoshikana na “w” mbele ya irabu: hu-fu-nzwa-na-u-li-mwe-ngu. “M” hiyo haihesabiki, na mizani bado ni minane. Mtunzi hakuhitaji kuambiwa ipi ni silabi na ipi si silabi. Akihitaji pigo moja zaidi anaweza kutumia mazida, akasema “afiya” mahali pa “afya”. Akihitaji kupunguza anatumia inkisari, akasema “mamangu” mahali pa “mama yangu”. Vyote viwili vinawezekana kwa sababu anajua hasa ni wapi silabi inaanza na wapi inaishia.

Sasa nirudi kwenye “anakula”, maana tumeshapata vya kutosha kulieleza. Mzizi -la ni silabi moja, na mkazo unataka silabi ya pili kutoka mwisho. Kama tungesema “anala”, mkazo ungeangukia “na”, na kiambishi hiki, pamoja na -li-, -me- na -ta-, hakikubali kubeba mkazo. Sababu yake ni ya kihistoria. Viambishi hivi vimetokana na maneno yaliyokuwa yakijitegemea, yakifuatwa na kitenzi kingine chenye ku-: -ta- inatokana na kitenzi “taka”, na -me- inatokana na kitenzi cha kale chenye maana ya kumaliza. Kwa hiyo “atakula” ni mabaki ya “ataka kula”, na “atasoma” ni mabaki ya “ataka kusoma”. Katika “atasoma”, ku- ilidondoka kwa sababu haikuwa na kazi. Kitenzi “soma” kina silabi mbili zake na mkazo umepata pa kukaa. Katika “atakula” haikuweza kudondoka, kwa kuwa bila yake mkazo ungekosa mahali.

Viambishi vingine, ambavyo havikuingia kwa njia hiyo, vinaubeba mkazo bila taabu, na hapo ku- hutoweka mara moja. Tunasema “akila”, mkazo ukiwa juu ya “ki”. Tunasema “akala”, “hula”, “asile” na “hajala”, na “ale” ambamo kiambishi cha nafsi peke yake kimetosha. Viambishi vya mtendwa navyo vinaweza kuubeba. “Amekunywa maji” ina ku-, lakini “ameyanywa maji” haina, kwa sababu “ya” imeichukua kazi yake. Na hapa ndipo penye mfano ambao ningependa kila mwanafunzi wa fonolojia auandike kwenye jalada la daftari lake: “chui alikula mbuzi”, kisha “chui alimla mbuzi”. Katika sentensi ya pili ku- imeondoka, na aliyeipokea kazi yake ni “m”, herufi moja isiyo na irabu. A-li-m-la, na mkazo uko juu ya “m”. Kama “m” isingekuwa silabi, tungelazimika kusema “alimkula”, na Kiswahili sanifu hakisemi hivyo.

Kanuni hiyo hiyo ya silabi mbili tunaikuta mbali na vitenzi. Nomino za umoja za ngeli ya LI-YA kwa kawaida hazina kiambishi, ndiyo maana tuna “tunda” na “matunda”, “gogo” na “magogo”. Lakini tuna “jiwe” na “mawe”, “jicho” na “macho”, “jifya” na “mafya”. Kiambishi ji- kimebaki pale ambapo bila yake neno lingekuwa pigo moja. Tusogee kwenye ngeli ya I-ZI. Nazali ya ngeli hii hudondoka mbele ya konsonanti zisizo ghuna, yaani zinazotamkwa bila mtetemo kooni: tunasema nyumba kubwa, ndizi tamu, barabara pana na kamba fupi, hali tukisema nyumba mbaya, nzuri, ngumu na ndefu, ambamo nazali imebaki mbele ya sauti ghuna. Kwa kanuni hiyo tungetarajia “nyumba pya”. Tunasema nyumba mpya, na mkazo uko juu ya “m”. Kivumishi -pya ndicho shahidi bora kuliko wote, kwa sababu kinatoa ushahidi ule ule katika ngeli mbili tofauti kwa viambishi viwili tofauti: jina kubwa lakini jina jipya, nyumba kubwa lakini nyumba mpya. Kilicho sawa kati ya “ji” na “m” hapa ni jambo moja tu, kwamba kila kimoja ni silabi.

Kwa hiyo pia “nchi”, “ncha” na “nta” zimebaki na nazali zao mbele ya konsonanti ambazo kwa kawaida huzifukuza. Na kwa hiyo “nzi” na “nzige”, ingawa zinaanza kwa herufi zile zile, hazigawanyiki kwa namna moja. “Nzige” ni nzi-ge, nazali ikiwa imejibana ndani ya silabi ya kwanza. “Nzi” ni n-zi, nazali ikiwa imesimama peke yake na kubeba mkazo, kwa kuwa bila hivyo neno lingepungukiwa. Hivyo ndivyo ilivyo kwa “mbu” na “mbuzi”, na kwa “nge” na “ngeli”. Yapo maneno ya silabi moja, kama “na”, “ya”, “kwa”, “ni” na “si”, lakini hayo ni maneno ya kuunganisha. Huegemea jirani zao katika usemaji na hayaombi mkazo wao wenyewe.

Mtu anaweza kuuliza inakuwaje basi tuseme “anavaa”, “anakaa” na “anazaa” bila ku-, ilhali vitenzi hivyo vinaonekana vifupi kama -la. Jibu ni kwamba “aa” ya vitenzi hivi ni silabi mbili. Zamani palikuwa na “l” katikati, nayo bado inajitokeza tunaponyambua: kaa na kalia, vaa na valia, chukua na chukulia, pokea na pokelea. Konsonanti ilidondoka kati ya irabu mbili, na kila irabu ikabaki na pigo lake, ka-a, kama vile “u” ilivyodondoka katika “mutu” na pigo lake likabaki juu ya “m”. Sipati mfano mwingine unaonifurahisha zaidi ya huu, ambapo historia mbili zisizohusiana, moja ya irabu na nyingine ya konsonanti, zimeipoteza sauti na kuihifadhi silabi.

Maneno ya kigeni yalipoingia yalilazimika kujipanga katika mfumo huu. Kiarabu kinaruhusu neno kuishia kwa konsonanti, hata mbili, na sisi tuliyafungua maneno hayo kwa kuongeza irabu: “kitab” likawa kitabu, “daftar” likawa daftari, “waqt” likawa wakati, “aql” likawa akili, “hukm” likawa hukumu. Baada ya sauti za midomo irabu inayoongezwa mwishoni kwa kawaida ni “u”, kama katika hesabu, elimu, klabu na stempu. Baada ya nyingine kwa kawaida ni “i”, kama katika asili, riziki, benki na keki. Neno “herufi” lenyewe halifuati mpango huu, na yapo mengine, lakini mwelekeo ni wazi.

Si kila neno lililofunguliwa kikamilifu. “Labda”, “maktaba”, “daktari”, “sultani” na “hamsini” zote zimebaki na konsonanti mbili zinazokutana katikati, na mimi sioni njia ya kukataa kwamba “lab”, “mak”, “dak”, “sul” na “ham” ni silabi funge. Wanaosema kwamba Kiswahili kina silabi huru peke yake wanaeleza msingi wa Kibantu wa lugha, na katika hilo wako sahihi, lakini msamiati tunaoutumia kila siku umeshavuka hapo. Wapo wanaotamka “labuda”, nao wanaonyesha kwamba ule mvuto wa zamani wa silabi huru haujaisha nguvu.

Mjadala mkali zaidi unahusu nazali za maneno haya mapya. Je, “pampu” ina mizani miwili au mitatu? Na “benki”, “senti”, “umri”, “amri”? Nimewasikia watu wakihesabu pa-m-pu, kwa hoja kwamba “m” ya “mtu” inahesabiwa na kwa hiyo na hii ihesabiwe. Hoja hiyo inaiangalia herufi na kuuacha mkazo. Ingekuwa “m” ya “pampu” ni silabi, ingekuwa ya pili kutoka mwisho, na mkazo ungeikalia, kama unavyoikalia “m” ya “alimpa”. Tamka maneno haya mawili kwa sauti, moja baada ya jingine. Katika “alimpa” mkazo uko kwenye nazali. Katika “pampu” uko kwenye “pa”. Herufi ni zile zile, “mp”, na kazi ni tofauti. Ndivyo ilivyo pia kwa “umri”, ambalo mkazo wake uko juu ya “u”, na kwa “senti”, ambalo mkazo wake uko juu ya “e”. Yote haya ni maneno ya mizani miwili, na mshairi anayeyahesabu matatu anajikopesha pigo ambalo lugha haikumpa.

Linabaki swali la mpaka, kama ni pam-pu au pa-mpu, na hapo mkazo hauwezi kutuamulia, kwa sababu kwa vyovyote vile unaangukia silabi ya kwanza. Mimi ninaikata pam-pu. Lugha yetu haina neno linaloanza kwa “mp” au “nt” ambamo nazali si silabi: katika “mpya”, “mpaka” na “nta” nazali daima imesimama peke yake. Kile ambacho hakiwezi kuanza neno sioni sababu ya kukiruhusu kianze silabi katikati ya neno. Kwa hiyo “nyumba” ninaiacha nyu-mba, na “pampu” ninaikata pam-pu, hata kama mbele ya mtu anayetazama herufi tu mikato hiyo miwili inaonekana kupingana.